Nina milioni 13, wote wananiambia nikope niongeze nichukue gari ya juu, ila moyo wangu uko kwenye kagari kadogo ka manual

Mtoto wa Rau

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana hapa nyumbani tumeshaongea mpaka tumechoka, na kila ninayemuuliza ananivuta upande wake.

Mimi ni mwalimu, nipo Moshi. Mke wangu kituo chake cha kazi kiko Arusha kwahiyo Ijumaa napanda kosta naenda, Jumapili jioni napanda kosta narudi, mwaka wa nne huu. Katika hiyo miaka minne nimeweka milioni 13, hela yangu, hakuna senti ya mkopo humo. Kaka yangu mkubwa yuko Dar anasema nichukue milioni 10 saccos nijazie nipate gari ya juu, maana Desemba watu wakipanda nyumbani sitaingia kihambani na kigari cha wanafunzi wa chuo. Baba naye hasemi sana ila najua anamuunga mkono, juzi kaniambia gari ni ya familia sio ya mtu mmoja.

Mimi mwenyewe mpaka mwezi wa tatu nilikuwa nakubaliana nao. Kilichobadilisha ni rafiki yangu wa Njiro, alikuja Moshi na Suzuki Swift Sport, lile toleo la ZC31S, ya njano, manual gia tano, akanipa funguo akasema shika wewe twende Marangu tukale ndizi. Nimeshaendesha Noah, nimeshaendesha Prado ya watu kwenye msiba mpaka Rombo, yaani sio kwamba gari ni kitu kigeni kwangu. Lakini ile siku tulivyoiacha Himo tukaanza kupanda, ile barabara si mnaijua, kona haijaisha nyingine imeshaanza, migomba huku na huku, nikaweka tatu nikakanyaga ikaitika palepale. Naingia kona nasikia kwenye viganja kabisa tairi za mbele zimeshika lami kiasi gani. Sikuvuka 60, maana yale ni makazi na watoto walikuwa wanatoka shule, ila mpaka tunafika Marangu Mtoni nilikuwa sijaongea neno na rafiki yangu ananiangalia tu. Chakula kimeletwa, mimi macho yako nje kwenye gari.

Tangu hapo usingizi umepungua kweli. Nikiwa kwenye kosta naangalia kona za Boma Ng'ombe nawaza ningeweka gia gani.

Sasa nawauliza, kuna mtu anaishi na gari ndogo ya namna hii huku kwetu, sio Dar, huku kwenye milima na vumbi na masika? Spea mnapataje, mafuta inakulaje, matuta je? Na swali ambalo ndilo kubwa kwangu, mwanaume wa miaka 36 mwenye watoto wawili kutaka gari kwasababu tu inampa raha kuiendesha, ni kosa? Naomba kuwasilisha.

Kona za Manyara

Mkuu karibu sana, umenigusa. Nina hiyohiyo ZC31S mwaka wa tano sasa, yangu nyeupe, nakaa Sakina, Arusha. Nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza ujue ni gari gani unaongelea. Ilitoka Japani 2005, injini M16A ya cc 1600, farasi 125, uzito kama kilo 1,060, breki za disc mbele na nyuma. Sasa farasi 125 ukiwatajia watu wa magari makubwa wanaona ni kidogo. Lakini piga hesabu ya huku kwetu. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwasababu hewa ni nyepesi, kwahiyo hizo 125 ukiwa hapa Sakina zimebaki kama 108. Hewa huwezi kuiongeza. Unachoweza ni kutobeba uzito usio na kazi, na ndio maana kagari kepesi huku kwenye miinuko kanakuwa na raha kuliko makaratasi yake yanavyosema, wale farasi waliobaki wana mzigo mdogo wa kuvuta. Na kushuka ni hivyohivyo, gari ya tani mbili na zaidi ukishuka nayo Marangu breki zinafanya kazi mara mbili ya hizi zangu kwa mwendo uleule.

Pili, nguvu ya hii injini inakaa juu, kilele chake ni rpm 6,800, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Chini ya 3,000 ni gari ya kawaida kabisa, unampeleka mtoto shule hakuna anayegeuka. Ukiitaka nguvu lazima uifuate kwa gia, na huko kuifuata ndiko kwenye utamu. Niliwahi kupewa gari ya farasi karibu 300 nizunguke nayo wiki nzima, nikaitumia robo yake tu, maana ukikanyaga kidogo umeshafika mwendo ambao sio wa barabara zetu, ukiachia uko nyuma ya lori, ukikanyaga tena tochi ya trafiki iko Kikatiti inakusubiri, elfu 30 imekwenda. Hii ya kwangu naimaliza yote. Nikitoka nje ya makazi naivuta gia ya pili mpaka juu, naingiza ya tatu, nimetumia kila kitu Suzuki walichoweka mle ndani na roho yangu iko safi.

Wakwe zangu wako Karatu kwahiyo kila miezi miwili naenda. Natoka Sakina saa kumi na moja alfajiri, mpaka Makuyuni ni kilomita kama 80 za kunyooka, hapo gari yoyote inatosha. Mto wa Mbu napita taratibu kabisa, ndizi zinashushwa, watu wako barabarani. Halafu ukuta wa Bonde la Ufa unaanza. Mkuu usiku wa kuamkia safari mimi huwa nawaza ule ukuta tu. Unaweka mbili, kona ya kwanza inafunguka, unaweka tatu, ziwa linaonekana chini kushoto bado lina ukungu, kona inafunga unarudi mbili, na kila ukirudisha gia unaipandisha injini kidogo kwa mguu wa kulia ili isishtuke ikiingia. Nikikosea naisikia, gari inatingishika, nikipatia inaingia kama kisu kwenye parachichi. Miaka mitano na bado sijawahi kuupanda ule ukuta wote bila kukosea hata mara moja, na ndio maana sijauchoka. Angalizo moja, nyani wanakaa katikati ya barabara baada ya kona, usiende kasi ambayo huwezi kusimama.

Shida zake sasa. Iko chini. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nimeigonga mara mbili, nikachomelewa ngao ya chuma chini, tangu hapo sina wasiwasi. Matuta yaliyojengwa vibaya unayapanda kwa mshazari. Tairi zake za 195/50R16 ni nyembamba sana kwa mashimo yetu, nilipasua mbili ndani ya miezi mitatu, nikashuka rimu 15 zenye tairi lenye nyama zaidi na gari ikawa nzuri kuliko mwanzo kwa huku. Mafuta safari napata kilomita 13 kwa lita, mjini 10, nikiwa Karatu nafurahi inashuka mpaka 9.

Kuhusu swali lako la mwisho mimi nakujibu hapana sio kosa. Utakaa kwenye hiyo gari masaa manne kila wiki, kwenda Arusha na kurudi, masaa manne ya maisha yako, kwanini uyakae kama mzigo.

Kijana wa Kwa Mrefu

Naongezea tu hapo, msimu wa 2007 P-G Andersson alichukua ubingwa wa vijana wa rali ya dunia, JWRC, na Swift. Ile ya rali ilikuwa imetengenezwa upya kwa mashindano ila umbo ni hilihili, na ile njano unayoiona ndio rangi ya timu yao. Chukua ya njano.

Fundi wa Pasua

Mwalimu, mimi ni fundi, mwaka wa 17 kwenye hii kazi, sitangazi biashara hapa nakupa ninayoyaona chini ya magari.

Hizi gari nyingi zimepita kwa vijana. Kitu cha kwanza angalia springi, kama imeshushwa au springi zimekatwa iache hata kama bei ni ya bure, mtu aliyekata springi na msumeno kuna vingine amevikata hujaviona. Pili nenda asubuhi mapema na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto ondoka. Hii injini inatumia cheni sio mkanda, hakuna habari ya kubadilisha kila kilomita laki moja, lakini oili isipomwagwa kwa wakati cheni inalegea na utaisikia dakika ya kwanza tu ikiwa ya baridi, inakwaruza kama mnyororo wa baiskeli, halafu ikipata moto inanyamaza. Ndio maana wauzaji wanapenda kuipasha kwanza.

Endesha mpaka kwenye mteremko mrefu, achia mafuta kabisa ishuke na gia ya tatu, ukifika chini kanyaga na uangalie kioo cha nyuma. Moshi wa bluu, inakula oili. Halafu kwenye mlima weka gia ya nne ukiwa mdogo mdogo ukanyage mpaka chini, rpm ikipanda na gari haiongezi mwendo basi klachi imekwisha, na klachi sio sahani tu, unabadilisha sahani, presha na rilizi vyote pamoja, ukibadilisha kimoja utarudi kwangu baada ya miezi miwili. Gia ya pili ndiyo inayokufa mapema, toka tatu rudi mbili gari ikiwa bado ya baridi, ikikwaruza au ikigoma kuingia jua giaboksi inataka kufunguliwa.

Inua kapeti la buti uangalie pale tairi la akiba linapokaa, kama bati limekunjwa likanyooshwa rangi itakwambia. Nati za fenda na boneti kama rangi imebanduka, zimefunguliwa, uliza kwanini. Kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone deni la faini. Usinunue usiku. Usinunue mvua ikinyesha, maji yanaficha rangi iliyorudiwa. Nina mteja alilipa saa moja jioni kwenye mvua, asubuhi alipoiona juani mlango mmoja ni rangi nyingine kabisa, alikaa kwenye benchi langu hajaongea nusu saa, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Spea: vitu vya kawaida bushi, boljoint, pedi, plagi utapata Arusha au unaagiza Dar inapanda na basi kesho yake. Vile vya Sport peke yake, shokapu zake, taa, bampa, wakati mwingine unasubiri wiki kadhaa. Kwahiyo ukiinunua nunua na shokapu mbili za akiba ukizikuta bei nzuri.

Na hili la kukopa milioni 10 niseme ukweli wangu. Hapa gereji nina magari matatu makubwa yameota nyasi mpaka kwenye rimu. Wenyewe walipata hela ya kununua, hela ya kutunza haikuwepo. Shokapu za mbele tu za gari ya namna hiyo ni mshahara wa mtu. Yanakuja kwa mwendo, yanalala hapa mwaka. Naumia nikiyaangalia, gari ni kitu cha kutembea.

Mama Wawili Usa River

Hamjambo humu. Mwalimu mimi nataka nikutoe kwenye hiyo Sport kidogo, sio kwa ubaya.

Nina Vitz ya kwanza kabisa, ile ya 1999 yenye injini ya lita moja, manual, namba B. Nilinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, milioni 4 na laki 8. Ina viti vya mbele vizuri, dashibodi ndogo ya namba iko katikati, na nilikuja kusoma kwamba aliyeichora ni Mgiriki anaitwa Sotiris Kovos na kwamba huko Ulaya, ambako iliitwa Yaris, ilichukua gari bora ya mwaka 2000. Mimi sikuinunua kwa hayo, niliinunua kwasababu ndiyo hela niliyokuwa nayo, nimeachiwa watoto wawili na kazi iko mjini.

Sasa injini ya lita moja inakufundisha kuendesha. Haina nguvu ya kusahihisha makosa yako. Ukipunguza mwendo ovyo kabla ya mlima umeupoteza, hutaupata tena mpaka juu, kwahiyo unaanza kuangalia mbali. Naona lori limewasha indiketa mbele kabisa, naachia mafuta mapema, narudisha tatu kabla sijaihitaji, lori linapokunja mimi sijagusa breki na napita na mwendo wangu. Nikitoka Usa River mpaka Tengeru, nikiingia ile barabara ya njia nne mpaka Sanawari, kuna siku nimefika nimekanyaga breki mara sita tu, nazihesabu, na siku hiyo nashuka kwenye gari nina furaha kama nimefaulu mtihani. Haifiki kilo 900 hii gari. Nikiwa peke yangu na madirisha wazi inakata kona ya Tengeru vizuri mpaka nasema asante kwa sauti.

Mafuta mwaka 2022 yalipovuka 3,000 wenzangu wengi ofisini walirudi kupanda hiace, mimi sikuacha gari hata siku moja.

Ninachosema, hiyo raha uliyoisikia Marangu iko kwenye wepesi na gia za mkono, haiko kwenye neno Sport. Kwa milioni 13 unaweza kupata Swift ya kawaida manual, au Vitz ya baadae, au Demio, ukabaki na milioni tano benki. Na watoto wawili wanakaa nyuma vizuri, wangu mmoja ana miaka 13 sasa na magoti bado yanatosha.

Mzalendo wa Kibosho

Naomba niwe upande wa pili maana naona wote mnamsukuma sehemu moja, na jambo lenyewe lina watoto ndani.

Nilikuwa na gari ndogo, nilikuwa naipenda. Mwaka juzi usiku natoka Arusha, karibu na Maji ya Chai, lori likawa linalipita lori lingine limekuja upande wangu lote na taa kubwa, nikatoka nje ya barabara. Tulipona, mimi na binti yangu. Lakini nilichokiona ni kwamba mwenye lori hakuniona, au aliniona akajua nitapisha tu. Tangu hapo niliuza. Sasa hivi nikiwa juu kwenye gari kubwa naona mbele, naonekana, na binti yangu analala safarini, zamani alikuwa halali.

Halafu masika. Wewe uko Rau ni tambarare. Njoo Kibosho mwezi wa nne huko juu lami inapoishia, ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, gari ya magurudumu mawili ya mbele unaiacha kwa jirani unatembea na mzee mgonjwa mgongoni. Nimefanya hivyo.

Na kaka yako usimuone anataka sifa. Desemba ukiwa na gari nyumbani wewe ndiye unaitwa, shangazi anapelekwa hospitali KCMC, mbege inafuatwa, maiti inasindikizwa. Watu wa nyumbani wanataka kupakiwa. Kama raha ya gia unaitaka kweli tafuta RAV4 ile ya zamani ya milango mitatu, manual, fowilidraivu, nayo ni fupi na nyepesi inageuka vizuri na tope inapita. Lakini kila shetani na mbuyu wake, siwezi kukulazimisha, nimesema ili usije ukasema hukuambiwa.

Kona za Manyara

Mzalendo pole sana kwa lile tukio, na nakubali kabisa usiku ile barabara sio ya kuchezea. Mimi usiku siendeshi kati ya Usa River na Boma, hata kama nimechelewa nalala. Lakini lori la tani 30 halichagui kati ya kilo 1,000 na kilo 2,000, mkuu. Kinachotusaidia ni breki zinazoshika, tairi zisizo za mtumba na gari inayokubali kukwepa ukiiambia kwepa. Hapo kwenye tope sina jibu, umenishinda.

Babu wa Old Moshi

Vijana, mjukuu wangu ananisomea haya na yeye ndiye anaandika.

Baba yangu alikuwa na Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, injini nyuma, cc 1200. Tulikuwa tunakaa humo watoto sita na kuku. Enzi hizo mashindano ya East African Safari yalipita Kenya, Uganda na huku kwetu Tanganyika, tulikuwa tunasimama kando ya barabara na majani ya migomba kichwani kujikinga vumbi. Mwaka 1962 aliyeshinda ni Tommy Fjastad, na gari aliyoshindia ni Volkswagen 1200, yaani ileile ya baba. Mnaweza kufikiria nyumbani kwetu ilikuwaje wiki ile. Baba aliosha gari kila siku.

Halafu 1974 yakawa yanakimbiwa Kenya tu, mwaka wa mvua nyingi na tope, Joginder Singh, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, akashinda na Mitsubishi Lancer 1600, gari ya kawaida ya familia ukiiangalia, na nyuma yake ni Björn Waldegård mwenye Porsche. Mimi nilisikiliza redioni.

Mwalimu, mimi nimeendesha gari ndogo maisha yangu yote na sasa macho yamekataa. Vitu vingi nimesahau. Lakini ile Datsun 1200 niliyoinunua kwa padri mmoja, gia yake ya tatu ilivyokuwa inaingia, bado mkono wangu wa kushoto unaikumbuka. Huwa naamka usiku mkono unafanya hivyo.

Mtoto wa Rau

Shikamoo babu, na asante sana kwa hiyo. Asanteni wote. Naleta mrejesho, imepita wiki tatu.

Ya kwanza niliiangalia Moshono, ya njano, bei 12 na nusu. Nilifika saa kumi na mbili na robo asubuhi kama fundi alivyosema, boneti ya moto. Nikamuuliza muuzaji akasema alikuwa ameenda kuchukua maziwa. Nikaijaribu hivyohivyo, tatu kurudi mbili ikakwaruza mara nne kati ya tano. Nikamshukuru nikapanda boda. Nilikuwa na uchungu, ilikuwa safi sana kwa nje.

Ya pili ni ya fedha, namba D, ya mhasibu mmoja pale Soweto hapahapa Moshi, nilikuwa napishana nayo miaka yote sijui. Springi ni zake zenyewe hazijakatwa, boneti ya baridi, buti halijakunjwa, kadi jina lake, hana deni la faini. Klachi imebadilishwa mwaka jana na risiti ipo. Fundi wa Pasua alikuja mwenyewe kuilala chini, nikamlipa nauli akakataa. Tumemalizana 11 na laki 6, mkopo sijachukua.

Mzalendo, nilikaa na maneno yako siku tatu, sijayapuuza. Usiku sitasafiri na watoto, nimemuahidi mama yao. Na masika nikienda juu kwa bibi nitaacha gari lami inapoishia.

Kaka bado hajafurahi. Baba nilimchukua Jumamosi. Wengine hamjui, baba alikuwa dereva wa lori la kahawa miaka 22. Alikaa kushoto kimya mpaka Himo, tulivyoanza kupanda akaanza kuangalia mkono wangu, sio barabara, mkono. Tulivyofika Marangu Mtoni akasema nipishe. Miaka tisa hajashika stelingi. Alirekebisha kioo, akasogeza kiti, na kila akibadilisha gia alikuwa anakanyaga klachi mara mbili kama kwenye lori, haihitajiki kabisa kwenye gari hii ila sikumwambia. Alishuka nayo mpaka Himo kwa gia ya tatu na ya pili, breki kaigusa pale kwenye tuta la shule tu. Akazima, akanipa funguo, akaniuliza oili yake ni lita ngapi.

Kona za Manyara, nimebaki na laki kadhaa baada ya bima kubwa, nataka hizo rimu 15 kabla sijaanza safari za Arusha. Umeweka tairi saizi gani?

Kona za Manyara

195/55R15. Hongera sana mkuu, na mpe mzee salamu zangu. Ukishafunga rimu tembea kilomita 100 halafu rudi ukaze nati tena.